Pesa Zikirudishwa, Kesi Haijaisha

Hotuba kwa wazazi, walimu, wazee wa mitaa na vijana, Mombasa

Assalamu alaikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote.

Mheshimiwa Chifu, wazee wa mitaa, maimamu na wachungaji, akina mama wa vyama, walimu wangu, nanyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, nashukuru kwa mwaliko. Nimeombwa nieleze ulanguzi wa binadamu na magenge yanayovuka mipaka. Mada ni pana, na mkiniachia nitawachosha. Kwa hivyo nitaing'ang'ania sehemu moja, ile ninayokutana nayo kila mara katika kazi yangu ya uwakili. Kesi nyingi za ulanguzi huku kwetu hazifi mahakamani, zinafia sebuleni. Wakala anakuja na mjomba wake na mzee mmoja wa heshima, chai inaletwa, bahasha inawekwa mezani, na watu wanaambiana tumalizane kiungwana.

Nitaifikia hiyo bahasha. Kwanza tuelewane maneno, maana kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na mchanganyiko huo huwafaa wahalifu.

Kuna kuvusha watu kwa magendo na kuna kulangua watu. Vijana wa Ethiopia wanaoingilia Moyale, wakapita Kenya na Tanzania wakielekea Afrika Kusini, wengi wao wamelipa ili wavushwe. Hayo ni magendo. Anayevushwa anajua aendako, na akifika yeye na mvushaji wanatakiwa kuachana. Biashara yenyewe haina huruma. Juni 2012 zaidi ya 40 kati yao walikutwa wamekufa baada ya kubanana ndani ya lori mkoani Dodoma. Machi 2020, mkoani Tete, Msumbiji, maafisa walifungua kontena lililokuwa juu ya lori wakakuta maiti 64 na watu 14 wangali hai.

Ulanguzi ni jambo jingine. Kwenye ulanguzi safari ikiisha ndipo shughuli inapoanza. Sheria inatazama vitu vitatu. Cha kwanza ni kitendo, yaani kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumpokea au kumhifadhi. Cha pili ni njia iliyotumika: nguvu, vitisho, ulaghai, kuitumia shida yake, au kumlipa mtu mwenye mamlaka juu yake. Cha tatu ni lengo, nalo ni kumnyonya, iwe kwa kazi ya lazima, kwa ukahaba, kwa utumwa au kwa kutolewa viungo. Vikikutana hivyo, huo ni ulanguzi. Wala hakuna mahali imeandikwa kwamba lazima mpaka uvukwe. Binti aliyetolewa kijijini Ganze akaletwa mjini kwa ahadi ya kusomeshwa, kisha akafungiwa ndani akifua na kupika bila mshahara, huyo amelanguliwa hata kama hajaiona ndege ila ikipita angani. Na akiwa chini ya miaka 18, ile njia haihitaji kuthibitishwa. Usiulize alidanganywa au hakudanganywa. Ni mtoto, basi.

Mfano mwingine mmewahi kuuona kwa macho yenu, maana mnasafiri. Nairobi, kwenye makutano ya barabara, kuna kiti cha magurudumu, ndani yake mtoto mwenye ulemavu, na nyuma yake kijana mzima anayekisukuma kati ya magari. Imeshachunguzwa na kuripotiwa zaidi ya mara moja: baadhi ya watoto hao wametolewa Tanzania, wazazi wakiahidiwa matibabu au shule, na jioni sarafu zote zinaenda kwa mwenye kiti. Sisi tunashusha kioo, tunatoa shilingi 50, tunajisikia watu wema. Mtoto hapati kitu. Anayepata ni yule aliyemleta, na kesho atamleta mwingine.

Sasa kuna kauli moja nimeisikia kituoni, nimeisikia barazani, na nimeisikia kwa mama mzazi: "Lakini si alikubali mwenyewe? Alipanda ndege kwa miguu yake." Sheria yetu ya kupambana na ulanguzi, ya mwaka 2010, imeshalijibu hilo. Ridhaa iliyopatikana kwa ulaghai haihesabiki. Aliyekubali kazi ya duka la simu hakukubali kupigwa shoti ya umeme.

Hiyo shoti ya umeme si maneno ya kunogesha hotuba. Nivumilieni kidogo, nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu jambo hili limewameza vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia, na wazazi wengi bado hawalielewi.

Tangazo huja kwa Facebook, Telegram au TikTok, ila mara nyingi huja kwa WhatsApp kutoka kwa mtu unayemjua. Matangazo yenyewe yanafanana kama yaliyoandikwa na mkono mmoja. Kazi ya huduma kwa wateja, Thailand. Mshahara dola 1,000 au zaidi. Chakula na malazi bure. Awe anajua Kiingereza vizuri na awe mwepesi wa kompyuta. Hapo hapahitajiki msichana aliyeacha shule darasa la sita. Anatakiwa mwanafunzi wenu bora, mwenye diploma, aliyetuma maombi ya kazi mpaka akachoka. Ndiyo maana nawaomba walimu msikilize zaidi. Tulizoea kusema ulanguzi unawapata wasiosoma. Huu unawatafuta waliosoma.

Kijana anatua Bangkok. Anapokewa na dereva mwenye jina lake kwenye karatasi, kila kitu safi. Gari linaondoka, na badala ya kuingia mjini linashika barabara ya kaskazini magharibi kwa saa saba hivi, mpaka mji wa Mae Sot, mpakani. Hapo kuna mto uitwao Moei, si mpana. Anavushwa usiku, ng'ambo ni Myawaddy, nchini Myanmar, na hapo serikali haina nguvu. Wenye nguvu ni wanamgambo wa kabila la Wakaren wanaokodisha ardhi na ulinzi kwa magenge, mengi yake ya Kichina. Majengo yana ukuta, nyaya za miiba, na walinzi wenye bunduki waliogeuzia nyuso ndani, si nje. Moja ya sehemu hizo inaitwa KK Park. Ilianza kujengwa mwaka 2020.

Kwa nini hapo, na kwa nini Waafrika? Eneo hilo lilijengwa kwa kutegemea kamari. Wateja walikuwa Wachina, kisha Korona ikafunga mipaka, meza za kamari zikabaki tupu. Wenye majengo wakageuza biashara, wakaweka kompyuta na kuanza utapeli wa mtandaoni. Mwanzoni waliwatapeli Wachina wenzao. Serikali ya China ilipowakazia, wakageukia Wamarekani, Wazungu na yeyote mwenye akiba, na hapo wakahitaji watu wanaoandika Kiingereza kama wenyeji. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Binadamu ilikadiria mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 Myanmar, na kama 100,000 Kambodia, wamelazimishwa kufanya utapeli huu.

Kazi yenyewe ni hii. Kijana anapewa simu kadhaa, picha za mwanamke mrembo asiyemjua, na karatasi ya maneno ya kusema. Anaanza gumzo na mwanamume mpweke wa mbali, mtu aliyestaafu, labda mjane. Wiki nzima ni habari za asubuhi na umekula nini. Wiki ya tatu, kwa bahati tu, anataja kwamba shangazi yake amemfundisha kuwekeza kwenye sarafu za kidijitali. Mzee anaweka dola 500, anaona kwenye skrini zimekuwa 700. Anaweka akiba yote. Skrini inafungwa.

Kijana anafanya hivyo saa 15 au zaidi kwa siku. Asipofikisha kiwango cha pesa alichopangiwa, kuna kuchuchumaa mpaka miguu ikatae, kuna rungu la umeme, kuna chumba cha giza. Akisema nataka kwenda nyumbani, anaambiwa lipa, na bei ni maelfu ya dola, kwa sababu wao "walimnunua". Na kweli walimnunua, maana kampuni moja humuuzia nyingine. Mara nyingi ndipo simu inapopigwa nyumbani, Kisauni au Likoni, usiku, ikiomba fidia.

Mimi hili hunisumbua zaidi ya yote: kwenye gumzo lile moja kuna wahasiriwa wawili wanaoandikiana. Mmoja anaporwa, mwingine ananyang'anywa ujana wake ili ampore. Na huyu wa pili akirudi Kenya, anarudi anaitwa tapeli. Sheria yetu inasema mhasiriwa wa ulanguzi hashtakiwi kwa kosa alilolitenda moja kwa moja kwa sababu ya kulanguliwa. Mitaani hatujaifikia sheria hiyo. Kuna vijana wamerudi na hawatoki nje.

Tarehe 5 Februari 2025 Thailand ilikata umeme, mafuta na intaneti kwa maeneo matano ya ng'ambo ile. Wenye majengo wakawasha majenereta. Lakini shinikizo liliendelea, hasa baada ya mwigizaji mmoja wa China, Wang Xing, kunaswa na kuokolewa Januari, na wanamgambo wakawaachia watu wapatao 7,000. China ikaleta ndege, ikawabeba watu wake kwa maelfu. Waafrika wakabaki kwenye kambi za wanamgambo wiki baada ya wiki, maana hakuna aliyekuwa ameshalipa tiketi zao. Oktoba mwaka huo jeshi la Myanmar likavamia KK Park yenyewe, na zaidi ya watu 1,500 wakakimbilia Thailand. Je, biashara imekwisha? Haijaisha. Imehama.

Nasema imehama kwa sababu mali haijaguswa vya kutosha. Hapa niwapeleke kidogo Palermo.

Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka, pamoja na itifaki ya ulanguzi wa binadamu, ukatiwa saini Palermo, kisiwani Sicily, Italia. Mji huo haukuchaguliwa kwa ajili ya mandhari yake. Mwaka 1992 mafia waliwaua kwa mabomu mahakimu wawili waliokuwa wakiwaandama, Giovanni Falcone mwezi wa tano na Paolo Borsellino mwezi wa saba. Falcone alikuwa mtu wa makaratasi. Mashahidi wa Sicily walikuwa hawasemi kitu, kwa woga au kwa udugu, basi yeye akaenda benki, akazifuata hundi moja moja: nani kampa nani, lini, kiasi gani. Hundi haiogopi wala haina mjomba. Kazi ya aina hiyo ndiyo iliyozaa kesi kubwa ya 1986, washtakiwa zaidi ya 400 kwenye ukumbi mmoja.

Mkataba ule unasema kundi la uhalifu wa kupangwa ni watu watatu au zaidi, wanaoshirikiana kwa muda, kutenda kosa kubwa kwa ajili ya faida. Watatu tu! Haisemi lazima wawe na bunduki au majina ya kutisha. Sasa hesabuni nami. Binamu aliyetuma ujumbe wa WhatsApp akalipwa kamisheni, mmoja. Wakala wa Nairobi mwenye ofisi ya ghorofa ya nne, wawili. Aliyekata tiketi akijua viza ni ya utalii na mtu anakwenda kufanya kazi, watatu. Afisa aliyefumba macho, wanne. Bado hatujaondoka Kenya na genge limeshatimia.

Na binamu huyo hajioni mhalifu. Yeye amesaidia tu. Hapo mjini kwetu kuna mtaa unaitwa Kengeleni, mnaujua wote, kwa ajili ya ile kengele ya Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa, iliyopigwa majahazi ya watumwa yakionekana. Kengele ilifaa kwa sababu adui alionekana akija kutoka baharini. Huyu wa leo anakuja Idi na zawadi za watoto.

Turudi kwenye pesa. Shirika la Kazi la Kimataifa lilikadiria mwaka 2024 kwamba kazi ya lazima inawaingizia wanaoiendesha dola bilioni 236 kwa mwaka. Oktoba 2025 waendesha mashtaka wa Marekani walimfungulia mashtaka Chen Zhi, tajiri mwenye kampuni kubwa Kambodia, wakidai kwamba aliendesha makambi ya utapeli wa aina hii, na wakaomba mahakama itaifishe bitcoin zaidi ya 127,000, thamani yake wakati huo kama dola bilioni 15. Sisi huku, tukimkamata mtu, tunamkamata kijana wa kubeba mizigo uwanja wa ndege.

Pesa zetu zinaanzaje kuingia kwenye mto huo? Hapa akina mama wa vyama mtanisaidia. Wakala anasema tiketi imelipwa na kampuni, lakini kuna "gharama ndogo ndogo": cheti cha daktari, cheti cha polisi, ada ya kuharakisha viza. Mama anachukua mkopo wa chama, baba anauza kipande cha shamba Kaloleni, mjomba anaongeza, jirani anachangia. Zinatumwa kwa M-Pesa kidogo kidogo, na kila mara kwa namba tofauti. Ukiuliza mbona namba imebadilika, unaambiwa ile laini ina matatizo. Basi mtoto anapanda ndege akiwa amebeba deni la ukoo mzima, na deni ndilo linalomfunga kule kuliko ule ukuta. Hata akipata upenyo wa kutoroka, anajiuliza nitarudi na nini.

Sasa tuingie sebuleni.

Mtoto amekwama. Familia inakwenda kwa wakala, wanagombana, wanatishia polisi. Hatimaye wanakwenda kituoni kweli, wanapewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Mara nyingi karatasi ya mashtaka ikiandikwa, haiandikwi ulanguzi. Inaandikwa kujipatia pesa kwa njia ya udanganyifu. Tofauti yake ni hii. Kwa ulanguzi, sheria ya 2010 inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kwa kujipatia pesa kwa udanganyifu, kifungo hakizidi miaka 3, kisheria linahesabiwa kosa dogo, na mlalamishi akisimama mbele ya hakimu akasema nimelipwa, naomba niondoe kesi, hakimu anaweza kumkubalia.

Mnaona mlango ulipo? Wakala anaujua mlango huo vizuri kuliko mimi. Shilingi 180,000 zinarudishwa, pengine kwa mafungu mawili, mzee wa heshima anasoma dua, faili inafungwa. Sisi wa huku tunaita maslaha, na katika mambo mengi maslaha ni jambo jema, sina ugomvi nalo. Mbuzi wa jirani akila mihogo yako, malizaneni. Mke na mume wakikosana, wazee waketi. Lakini pesa za bahasha ile zimetoka wapi? Zimetoka kwa familia nyingine, Changamwe au Malindi, ambayo mtoto wao anaondoka wiki ijayo. Wakala hakurudisha pesa zake. Ametumia za mtoto wa pili kununua ukimya juu ya wa kwanza.

Na nyinyi wazee mnaoitwa kuwa mashahidi wa bahasha, naomba niseme kwa heshima zote, maana nyinyi ni baba zangu. Kupokea chochote ili kosa kubwa lifichwe, hilo lenyewe ni kosa chini ya sheria za Kenya. Mzee anaweza kuingia sebuleni akiwa msuluhishi na kutoka akiwa mshtakiwa.

(Hapa mzee mmoja wa mstari wa mbele alinikatiza, na swali lake nimeliweka kama alivyoliuliza: "Wakili, maneno yako mazuri, lakini zile pesa ni za shamba. Kesi zenu zinachukua miaka mitano. Tule nini?")

Mzee wangu, umesema kweli na siwezi kulipita. Mtu mwenye njaa humwambii akatae bahasha kwa ajili ya Falcone. Lakini sikiliza. Pesa ulizotoa ni zako, na kuzipokea si dhambi. Kinachokatazwa ni kile kipande cha karatasi kinachokuja nazo, kile kinachosema "sina malalamiko tena na ninaondoa kesi". Hicho usikitie saini. Andika stakabadhi: nimepokea kiasi fulani, kutoka kwa fulani, tarehe fulani. Stakabadhi hiyo ni ushahidi mzuri ajabu, maana mtu asiyehusika harudishi pesa. Tena mahakama ikimtia mtu hatiani kwa ulanguzi inaweza kumwamuru amlipe mhasiriwa, na ipo hazina ya kitaifa iliyoundwa na sheria ileile kwa ajili ya kuwasaidia wahasiriwa. Hazina yenyewe haijawahi kushiba, hilo nalisema wazi, na wabunge wetu wa Pwani wangeliulizia zaidi ya wanavyoulizia barabara tungefika mbali.

Kosa likiandikwa ulanguzi, mwenye kesi ni Jamhuri. Wewe ni shahidi. Wakala akija kukubembeleza unamwambia ukweli mtupu: kesi si yangu, sina uwezo wa kuiondoa. Mtu mnyonge amepata pa kujifichia. Kwa hivyo mkifika kituoni semeni neno lenyewe, ulanguzi wa binadamu, na muulize kama limeandikwa hivyo. Idara ya upelelezi ina kitengo maalumu cha ulanguzi wa binadamu na ulinzi wa watoto, na kina ofisi hapa Mombasa. Kwa mtoto kuna namba 116, bure.

Kijana mmoja ameniandikia kikaratasi: je, tusiende ng'ambo? Nendeni. Sitaki mtu atoke hapa akisema wakili amewakataza watu riziki. Waliotutangulia ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na wengi wenu hapa mmesomeshwa nazo. Hata marufuku hazikusaidia. Mwaka 2014 Serikali ilizuia wafanyakazi wa nyumbani kwenda Ghuba na kufuta leseni za mamia ya mawakala. Watu wakapitia Uganda na Tanzania, bila jina lao kuandikwa popote, na walipopata shida hakuna ofisi iliyojua wapo. Marufuku ilipoondolewa matatizo yalikuwa yaleyale, kwa sababu kule kafili, yaani mwajiri anayemdhamini mfanyakazi, bado alikuwa ndiye mwenye ufunguo wa kazi na kibali. Saudia ilirekebisha sheria za kazi Machi 2021, wafanyakazi wengine wakaruhusiwa kuhama mwajiri, wa nyumbani wakaachwa nje. Mwaka huohuo Wizara ya Mambo ya Nje iliwaambia wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudia katika muda wa kama miaka miwili, na vyeti vingi vya kifo vikasema moyo umesimama. Mabinti wa miaka 25, moyo umesimama.

Siku hizi kuna na Urusi. Mwaka 2025 tulisikia vijana walioahidiwa kazi za udereva na ulinzi wakajikuta na sare za jeshi vitani Ukraine, na mwezi wa kumi na moja Serikali ikasema Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na vita hivyo. Tangazo linabadilika jina la nchi tu.

Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya mawakala waliosajiliwa. Itazameni kabla ya kutoa hata shilingi, ingawa kusajiliwa pekee hakumfanyi mtu kuwa mwema. Mimi huangalia vitu viwili kwanza. Viza ni ya utalii na kazi ni ya miaka miwili? Hapo hakuna kazi. Mkataba hautaji jina na anwani ya mwajiri, umetaja wakala peke yake? Hapo nawe ndiye bidhaa.

Na simu ile ya usiku ikija, msimgombeze. Najua hasira ya mzazi, lakini ana dakika mbili pengine, na simu si yake. Muulize yuko wapi, na kama anaweza atume ramani ya alipo. Muulize ni wangapi pamoja naye na majina yao, maana kila jina ni familia nyingine itakayosimama nawe. Usikimbilie kutuma fidia kabla ya kuripoti, kwa sababu wapo waliolipiwa na wakauzwa kwenye jengo la pili. Ubalozi wetu wa Bangkok ndio unaoshughulikia pia Myanmar, Laos na Kambodia. Ripoti kituoni, ripoti Wizara ya Mambo ya Nje kwenye idara ya diaspora, na ukirudi nyumbani usifute kitu kwenye simu yako. Ujumbe wa binamu, tangazo, picha ya tiketi, zile namba za M-Pesa zinazobadilika, hata ujumbe wa sauti wa wakala akikuita mama. Nendeni mkatoe taarifa ya miamala ya miezi yote ile ichapishwe. Laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la bibi wa kijijini asiyejua lolote, lakini pesa zilitolewa mahali fulani, saa fulani, na mtu fulani.

Nitakuwa hapa ukumbini mpaka Alasiri. Mwenye mkataba mfukoni, au kwenye simu, alete tuusome pamoja. Anza wewe mwenye fulana ya kijani, nimekuona ukiushika tangu nilipotaja viza ya utalii.